Kifaru mwenye pembe begani: kuwachora upya wanyama wa michoro ya kale

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, huu mwaka wa sita nachora Tingatinga hapa Dar es Salaam. Mteja alinionyesha kwenye simu kifaru aliyechorwa na Mjerumani mmoja mwaka 1515, akataka nimchoree "kwa mkono wetu". Nikamchora, ila ile pembe ndogo iliyoko juu ya bega niliifuta, na puani nikamwekea pembe mbili kama kifaru wetu. Mteja alifurahi, akalipa. Sasa mwenzangu wa banda la jirani anasema nimeiba kazi ya mtu, tena huko si kubuni, ni kunakili. Tangu siku hiyo sina raha. Wasanii wa leo wanaowachukua wanyama wa michoro ya zamani wanafanyaje, na mpaka kati ya kuiga na kubuni uko wapi?

Marahaba mwanangu. Nianze na wizi, maana nahisi ndio uliokukosesha raha, na jibu lake ni fupi. Hujaiba. Albrecht Dürer, yule Mjerumani wako, alifariki mwaka 1528. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya ni hivyo hivyo, na nchi nyingi za Ulaya ni miaka 70. Kwa hesabu yoyote utakayopiga, kifaru yule ni wa kila mtu. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka picha za michoro yake mingi ya kale kwenye intaneti, kubwa na safi, mtu azipakue bure afanyie atakalo, hata akitaka kuzichapa kwenye khanga. Wa kuwachunga ni wasanii walio hai na waliofariki karibuni. Walton Ford na Mark Wallinger, ambao nitawataja hapa chini, kazi zao zina wenyewe. Zitazame, ujifunze kwazo. Ukizinakili ukauza, hapo jirani yako atakuwa na la kusema.

Shtaka lake la pili ndilo zito, na nitakujibu kwa kirefu.

Unajua kifaru wako alitoka wapi? Sultani Muzaffar wa Gujarat, India, alimtoa zawadi kwa Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno, naye akampakia melini kumpelekea mfalme wake Manuel. Mnyama akashuka Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Ulaya ilikuwa haijaona kifaru aliye hai tangu enzi za Warumi. Mfalme akampambanisha na tembo, tembo akatimua mbio. Mwishoni mwa mwaka huo mfalme akaamua kumtuma kwa Papa Leo wa Kumi, naye awe zawadi kwa mara nyingine. Meli ikapigwa na dhoruba pwani ya Italia, ikazama. Kifaru wa India anajua kuogelea vizuri sana, ila huyu alikuwa amefungwa minyororo kwenye sitaha. Akazama na meli.

Wakati huo wote Dürer yuko Nuremberg. Alichopata ni barua na mchoro mdogo wa mtu aliyemwona kifaru Lisbon, na kwa hivyo viwili akachora, mchoro ukachongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Karatasi yenyewe haifiki upana wa sentimita 30. Ngozi akaifanya deraya, vazi la chuma la vitani, yenye mishono na vichwa vya misumari, miguu akaivika magamba, na juu ya bega akaweka ile pembe uliyoifuta. Nimelitazama bega lile kwa kioo cha kukuzia zaidi ya mara moja. Mistari ya pembe imejisokota kama kamba ya nazi, kila mzunguko umekatwa kwa uhakika, huoni mahali mkono uliposita. Unaweza kuapa kwamba aliyeichora aliishika. Na pembe hiyo haiko kwa kifaru yeyote duniani.

Wachoraji waliomfuata walimnakili pamoja na pembe yake, kwenye vitabu vya elimu ya wanyama, kwenye mazulia ya ukutani, kwenye vyombo vya kauri, kwa zaidi ya karne mbili. Mambo yalianza kubadilika kifaru mwingine wa India, jike aitwaye Clara, alipofika Uholanzi mwaka 1741 na kutembezwa Ulaya miaka mingi akionyeshwa kwa kiingilio. Jean-Baptiste Oudry alimchora Paris mwaka 1749 kwa ukubwa wake halisi, na yule hana deraya wala pembe ya begani. Ni mnyama mzito mwenye ngozi ya mikunjo na jicho la unyonge.

Rudi sasa kwenye hadibodi yako. Pembe ambayo wasomi wa Ulaya waliinakili miaka mia mbili, wewe uliifuta siku ya kwanza, kwa sababu katika nchi yako kifaru ni mnyama anayejulikana, hata kama wengi wetu tumemwona kwenye noti tu. Mkono wako ulikuwa unamjibu Dürer. Ninachokulaumu ni kwamba ulimjibu kimyakimya. Uliifuta kama mtu anayesahihisha tahajia, mteja hakujua kuwa palikuwa na kitu pale, na mazungumzo yakaishia kwenye takataka ya brashi. Hapo ndipo kazi yako ilipokuwa inaanza.

Tazama Walton Ford, Mmarekani, alivyomwendea mnyama huyohuyo. Ford huchora kwa rangi za maji kwenye karatasi kubwa kama ukuta, kwa mtindo wa vitabu vya zamani vya ndege na wanyama. Mwaka 2008 alichora kuzama kwa kifaru wa Lisbon. Alikwenda mahali ambapo Dürer hakufika, kwenye sitaha, mnyororo mguuni, bahari ikipanda. Kwa Dürer mnyama amesimama peke yake, safi, hana mmiliki. Ford aliuliza ni nani aliyemfunga, na anapelekwa kwa nani. Umbo la kifaru amelirithi, swali ni lake.

Hapo ndipo ulipo mpaka unaoutafuta. Katika michoro ya kale mnyama hayupo bure. Ameajiriwa. Farasi anambeba mwenye mali aonekane mkubwa, mbwa miguuni pa bibi harusi ni ushahidi wa uaminifu, kondoo anasimama badala ya Kristo, simba badala ya mfalme. Anayenakili humchukua mnyama na kazi yake bila kuuliza. Anayebuni huuliza kwanza: huyu alikuwa anamtumikia nani? Kisha humbadilishia kazi, au humwachisha kabisa.

Mfano ninaoupenda kwa hili ni wa zamani, na aliyeufanya hata jina hatulijui. Rijksmuseum wana batamaji wa mchoraji Jan Asselijn, wa mwaka 1650 hivi. Turubai ni sentimita 144 kwa 171, na ndege ana ukubwa wa ndege wa kweli. Kona ya chini kushoto mbwa anakuja akiogelea. Batamaji amefungua mbawa zote mbili, shingo ameikunja kama nyoka anayejiandaa kugonga, manyoya yanaruka hewani, miguu myeusi ameitanua mbele ya kiota chenye mayai. Mchoraji amekuweka wewe mtazamaji chini, karibu usawa wa yule mbwa, kwa hiyo hasira inakushukia wewe pia. Ni mama anayelinda watoto wasiozaliwa bado, basi, na inatosha.

Ukisogea karibu unakuta maandishi. Juu ya mbwa pameandikwa kwa Kiholanzi "adui wa dola". Kwenye yai moja, "Holland". Chini ya batamaji, cheo cha kiongozi mkuu wa Holland wa zama zile, ambacho tangu mwaka 1653 kilikuwa cha Johan de Witt, yule aliyekuja kuuawa na umati mjini The Hague mwaka 1672. Lakini Asselijn alifariki mwaka 1652. Hakuweza kuwa na de Witt akilini. Mtu mwingine, baadaye, alichukua brashi nyembamba na kuandika maneno matatu mafupi. Hakugusa unyoya hata mmoja, na batamaji akaacha kuwa mama akawa serikali. Mwaka 1800, taifa lilipoanza kukusanya michoro kwa ajili ya makumbusho yake ya kwanza, huu ndio uliotangulia kununuliwa, na kilichowavutia ilikuwa ile maana ya kuongezwa.

Nimesimama mbele ya mchoro huo na wanafunzi, na nikiwauliza kama yule mtu wa maandishi ni mharibifu au msanii, huwa wanagawanyika. Mimi nasema aliharibu mchoro na akatufundisha jambo, yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo usiniulize ni kiasi gani ubadilishe ndipo kazi iwe yako. Hakuna asilimia. Kubadili kidogo kunaweza kupindua kila kitu.

Wallinger, Mwingereza, analijua hilo barabara. Pale National Gallery, London, kuna farasi dume wa mchoraji George Stubbs aitwaye Whistlejacket, aliyechorwa mwaka 1762 hivi, turubai inayokaribia mita tatu kwa urefu. Anainuka kwa miguu ya nyuma, rangi ya kahawia inayowaka, na nyuma yake hakuna kitu: hakuna mti, hakuna mpandaji, hakuna mstari wa ardhi ila kivuli kidogo kwatoni. Ili afike hapo, Stubbs alijifungia kwenye nyumba ya shamba huko Horkstow miezi kumi na minane akipasua mizoga ya farasi, akiitundika kwa kulabu na kuibambua tabaka kwa tabaka, ngozi, misuli, mishipa, mpaka mfupa. Kitabu chake cha anatomia ya farasi kilitoka mwaka 1766. Alimjua mnyama kwa ndani kabla ya kumsifu kwa nje.

Wallinger mwaka 2001 aliugeuza mchoro ule kuwa picha hasi ya kamera, kubwa, inayowashwa kwa taa kutoka nyuma. Kahawia ikawa weupe wa kizuka, uwanja ukazama gizani. Akamwongezea kitu kimoja tu, pembe ndefu kwenye paji la uso. Kazi akaiita Mzuka. Mimi naisoma hivi: farasi wa mbio ni kiumbe kilichotungwa na matajiri kwa kupandisha dume huyu na jike yule kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo yuko karibu na ule mnyama wa hadithi, farasi mwenye pembe moja, kuliko tunavyodhani. Wallinger mwenyewe ni mpenzi wa mbio za farasi, hata mwaka 1993 alishiriki kumnunua farasi wa kweli, akampa jina linalomaanisha "kazi halisi ya sanaa". Unaona kuwa hakuokota picha ya farasi kwenye simu kwa kuwa inapendeza. Anaujua ulimwengu uliomwajiri yule farasi.

Mnyama ninayerudi kwake kila mara, hata hivyo, hana kichwa. Ni ng'ombe aliyechinjwa wa mchoraji Rembrandt, wa mwaka 1655, yuko jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Amechorwa kwenye ubao usiofika mita moja. Ametundikwa kwenye fremu ya miti, amechunwa, kifua kimepanuliwa, na nyuma kwenye giza mwanamke anachungulia mlangoni. Rangi imelimbikwa nene mahali penye mafuta, kiasi kwamba ukitazama kwa ubavu unaona matuta yake, manjano na nyeupe chafu, na kati ya matuta nyekundu imepita kama maji kwenye mfereji. Yeyote aliyetumwa bucha alfajiri utotoni anamfahamu ng'ombe huyu. Ukubwa wake wa ajabu ni kwamba hajapewa utukufu wowote, na bado unamwangalia kama unavyomwangalia mtu aliyesulubiwa.

Chaim Soutine, kijana Myahudi aliyetoka kijiji cha karibu na Minsk akahamia Paris bila kitu, alimtazama ng'ombe huyo Louvre mpaka akashindwa kujizuia. Katikati ya miaka ya 1920 alinunua mzoga mzima, akautundika studioni kwake, akaanza kuchora. Siku zikapita. Nyama ikikaa hufifia. Muuza nyama mmoja aliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi nyekundu ya asubuhi inavyogeuka kahawia kufika jioni, na kingo zinavyokauka na kuwa kama ngozi ya kiatu. Soutine hakutaka kahawia. Alikuwa akileta damu kutoka machinjioni na kuumwagia mzoga ili rangi irudi. Harufu ikawashinda majirani, wakaita watu wa afya. Ukitazama michoro aliyoitoa humo, ng'ombe wa Rembrandt aliyening'inia kwa ukimya sasa anapiga kelele, mbavu zimejipinda, nyekundu inabishana na buluu iliyoko nyuma yake.

Pima tofauti hiyo. Mada ni ileile, mtundiko ni uleule, hata mnyama ni wa namna ileile. Kama kipimo cha jirani yako kingekuwa "ni kitu kile kile", Soutine angekuwa mnakili. Lakini Rembrandt alichora kilichobaki baada ya kifo, Soutine alichora kifo kikiwa bado kinaendelea. Halafu mwaka 1954 akaja mchoraji Francis Bacon, akaviweka vipande viwili vya ng'ombe huyo nyuma ya Papa aliyemtoa kwa Velázquez, mchoraji wa kale wa Hispania, vikakaa pande mbili za kiti kama mbawa. Ng'ombe yuleyule kapata kazi ya tatu: sasa anamwambia mwenye mamlaka kwamba naye ni nyama.

Hawa wote walianza kwa kunakili, na kunakili siku zote ndiyo shule ya mchoraji. Wewe mwenyewe ni mtoto wa shule hiyo. Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya enameli kwenye hadibodi, akafariki mwaka 1972, na wanyama wake wamenakiliwa na mabanda mazima mpaka leo. Baadhi ya wanafunzi wake walimnakili mpaka wakapata wa kwao. Wengine walinakili wakabaki hapo. Unazijua kazi za pande zote mbili, na unajua kuzitofautisha kwa jicho moja ukipita barabarani. Tumia jicho hilohilo kwa Dürer.

Usisahau pia kwamba unachochorea nacho kinasema. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anazungumza na Titian na Goya, wachoraji wa kale wa Ulaya, waziwazi katika michoro yake, lakini anachora kwa rangi ya mafuta kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachopondwa Uganda. Lubugo ina matundu na mishono yake. Umbo lililotoka Venice likifika kwenye tundu, inabidi lisimame au lizunguke. Wewe una enameli inayong'aa, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya vyuma, na kifaru wa Dürer amevaa deraya ya chuma. Sijui kama uliliona hilo ulipokuwa unachora. Mimi nililiona mara tu niliposoma barua yako, na sikukaa kimya nyumbani siku nzima.

Kwa hiyo nakushauri umrudie. Safari hii mnakili Dürer kwanza kwa kalamu, saizi ileile ya karatasi, mstari kwa mstari, na pembe ya begani uichore bila kuiruka. Itakuchukua siku mbili tatu. Mkono utajua mahali alipokuwa na hakika na mahali alipokuwa anabuni, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kukuambia. Halafu kaa na swali la ajira. Kifaru yule alikuwa zawadi, akitoka kwa sultani kwenda kwa gavana, kwa mfalme, kwa Papa. Kifaru wa kwetu anatumika kufanya kazi gani leo? Yuko kwenye noti, kwenye kalenda, kwenye fulana za watalii, na pembe yake inauzwa kwa magendo ughaibuni. Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alifia kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, akiwa na walinzi wenye silaha. Mwaka uliofuata msanii wa London, Alexandra Daisy Ginsberg, akamtengeneza kwa kompyuta kifaru wa aina hiyo, mkubwa kama wa kweli ukutani. Anaanza kama vibandiko vya rangi, anazidi kupata umbo na sauti kadiri anavyozunguka chumbani, anakutazama, kisha anatoweka. Miaka 500 baada ya Dürer tumerudi kwenye kifaru wa kusimuliwa, safari hii kwa sababu tumekaribia kuwamaliza wenyewe.

Ukishapata jibu lako, rudi kwenye bega. Una njia zaidi ya moja. Unaweza kuiacha pembe ya uongo na kuziondoa za puani, zile zinazowindwa. Unaweza kuifuta kwa namna ya kuonekana, kivuli chake kibaki chini ya enameli kama alama ya kidonda. Unaweza kukuta njia ambayo mimi siioni kabisa, na hiyo ndiyo ningependa zaidi. Ukiwa umechagua, mwite jirani yako aje kutazama kabla hujamuuzia mtu, umweleze ulichofuta na sababu yake, usikie atakavyokujibu. Mimi nitumie picha, na moja uipige kwa karibu, upande wa bega, mwanga ukiwa unatoka kando ili nione unene wa rangi.